Printa Moja, Ofisi Nzima: Namna ya Kuichagua na Kuishi Nayo

Kabla hujauliza bei ya printa, hesabu rimu. Chukua risiti za karatasi za miezi mitatu iliyopita, jumlisha rimu mlizonunua, zidisha kwa 500, kisha gawa kwa tatu. Hapo umepata karatasi ambazo ofisi yenu inakula kwa mwezi. Muuzaji anayeijua kazi yake atakuuliza hilo kabla ya jambo jingine lolote. Asiyekuuliza anataka kuondoa mzigo uliomlalia dukani.

Mimi ni afisa utawala kwenye ofisi ya wakala wa forodha hapa Dar es Salaam, upande wa bandarini. Tuko watu kumi na wanane na printa kubwa moja. Biashara yetu yote ni makaratasi: kadhia (hati za tamko la forodha), ankara, hati za shehena, barua za wateja, nakala ya kila kimoja kwa ajili ya faili, na nakala nyingine kwa ajili ya yule atakayekuja kusema hakuipata. Mkataba wangu wa ajira hautaji printa mahali popote. Lakini maneno ninayoyasikia kuliko yote kuanzia asubuhi ni "Dada, printa imegoma," na kwa kuwa ni mimi ninayeitwa, ni mimi pia ninayesema nini kinunuliwe.

Kununua

Kwa ofisi inayochapa maandishi meusi na yenye watu zaidi ya watano, nunua printa ya leza inayochapa nyeusi tu. Printa ya wino wa maji hurusha wino kupitia vitundu vidogo mno, na mashine ikikaa wiki kadhaa bila kazi, vitundu hivyo hukauka. Ikiwashwa inajisafisha, na kwa kujisafisha inatumia wino uleule uliolipia. Wino huo hauendi kwenye karatasi yako, unaishia kwenye kisanduku cha wino taka, nacho siku moja hujaa na mashine inasimama. Tona, ambayo ndiyo wino wa leza, ni unga, haikauki. Unga huo hushikizwa kwenye karatasi kwa joto, kwenye sehemu ambayo mafundi wanaiita fyuza, ambayo hufika karibu nyuzi 200 za Selsiasi. Ndiyo maana karatasi ya leza hutoka ya moto, na ndiyo maana mteja anaweza kuishika kwa mkono wenye jasho la Posta saa saba mchana na maandishi yakabaki yalivyo.

Printa za matangi, zile za kumiminia wino wa chupa kama EcoTank za Epson, ni habari nyingine. Gharama yake kwa ukurasa ni ndogo sana, rangi zimo humohumo, na kwa kuwa hazina fyuza hazili umeme mwingi. Kwa steshenari, kwa shule ndogo, kwa ofisi ya watu watatu, ninazipendekeza bila kusita. Kwetu, ambako mtu anatuma kurasa 80 kwa mpigo na nyuma yake wamesimama wawili wenye dereva anayepiga honi nje, kasi yake haitoshi.

Suala la rangi ndilo litakalowagombanisha kwenye kikao. Kila mtu anataka rangi mpaka umuulize anataka kuchapa nini. Leza ya rangi ina tona nne, na nyingi kati yake zikiishiwa rangi moja hukataa hata kuchapa barua nyeusi. Usishangae kuona shughuli zimesimama kwa sababu ya njano, rangi ambayo hakuna aliyekumbuka kuitumia. Ushauri wangu: printa ya pamoja iwe nyeusi. Vipeperushi na kalenda vipelekwe steshenari, wao wana mashine za kazi hiyo. Kama kweli mnahitaji rangi kila siku, nunueni ndogo ya pili na muiweke kwa anayeihitaji.

Sasa bei. Usitazame bei ya mashine, tazama bei ya ukurasa. Chukua bei ya tona, igawe kwa idadi ya kurasa ambazo mtengenezaji anasema itatoa. Nitoe mfano wa kubuni ili hesabu ionekane. Mashine ya kwanza inauzwa shilingi 450,000, tona yake 150,000 na inatoa kurasa 1,500: ukurasa ni shilingi 100. Ya pili inauzwa 1,100,000, tona yake 210,000 na inatoa kurasa 7,000: ukurasa ni shilingi 30. Ofisi inayochapa kurasa 6,000 kwa mwezi italipa 600,000 kwa ile ya kwanza na 180,000 kwa ya pili. Hiyo "ghali" imeshajilipa kabla ya mwezi wa pili kwisha. Hesabu hii mpelekee mhasibu ikiwa kwenye karatasi, usimsimulie kwa mdomo. Mhasibu husaini anachokiona.

Kuna vitu viwili vya kujihadhari navyo kwenye hesabu hiyo. Kwanza, idadi ya kurasa iliyoandikwa kwenye boksi la tona hupimwa kwa ukurasa ambao wino umefunika asilimia tano tu, yaani barua fupi. Fomu yenye majedwali na nembo nyeusi nzito juu yake inakula zaidi. Pili, tona inayokuja ndani ya mashine mpya mara nyingi ni ya kuanzia, haijajazwa kama ile utakayonunua dukani. Ikiisha mapema usimpigie kelele muuzaji, ila ulizia habari hiyo kabla hujalipa.

Mashine moja huweza kupokea tona ya ukubwa tofauti. HP LaserJet Pro M402dn, ambayo bado utaikuta kwenye ofisi nyingi, inatumia tona namba 26A ya kurasa 3,100 na pia 26X ya kurasa 9,000. Zinaingia palepale. Ile kubwa ni ghali kuinunua na nafuu kuitumia, na inakupunguzia safari za kwenda dukani. Mashine hiyohiyo inafundisha jambo jingine: kwenye sifa zake wameandika inaweza kutoa hadi kurasa 80,000 kwa mwezi, lakini ukisoma chini zaidi, kiasi wanachopendekeza ni 750 hadi 4,000. Namba ya kwanza ni uwezo wa juu kabisa, kama spidi ya mwisho kwenye dashibodi ya daladala. Hakuna anayeishi huko. Wewe linganisha matumizi yenu na ile ya pili.

Ulizia pia dramu, ile silinda inayobeba picha ya ukurasa kabla unga haujafika kwenye karatasi. Kwa baadhi ya mashine imo ndani ya katriji, yaani kasha, ya tona, ukibadilisha tona umebadilisha na dramu. Kwa nyingine, kama Brother na Kyocera, dramu iko peke yake na hudumu muda mrefu kuliko tona. Aina ya pili hufanya tona iwe nafuu, lakini siku dramu inapoisha gharama inakuja kwa mkupuo, kwa hiyo iwe kwenye bajeti.

Halafu, kabla ya kulipa, piga simu maduka matatu tofauti uulize kama tona ya namba hiyo ipo. Haijalishi mashine ni nzuri kiasi gani. Kama tona yake inaagizwa na kusubiriwa, mtajikuta mmenunua meza. Kuhusu tona zisizo za kampuni na zile za kujaza upya, nina msimamo wa katikati. Zipo nzuri, na bei yake inavutia. Lakini kwa mashine iliyo kwenye dhamana sigusi, na kwa mashine ya zamani ninanunua moja tu kwanza, nikaiona ikiisha salama bila kumwaga unga ndani, ndipo niagize nyingine.

Mambo yanayofaa kulipia zaidi: kuchapa pande mbili yenyewe, tundu la waya wa mtandao, trei inayomeza walau karatasi 250 pamoja na nafasi ya kuongeza trei ya pili, na kama itakuwa ya kutoa kopi na kuskani pia, kile kilishio cha juu kinachovuta karatasi moja baada ya nyingine. Skrini kubwa ya kugusa ni mapambo.

Za mtumba pale Kariakoo zipo, na zipo zilizo imara kuliko mpya za plastiki. Ila zikague. Geuza nyuma usome kibandiko cha umeme: iliyotoka Marekani inaweza kuwa imetengenezwa kwa volti 110 hadi 127, na umeme wetu ni 230. Iliyotengenezwa kwa volti hizo tu ukiichomeka ukutani, biashara imeishia hapo. Mwambie muuzaji aiwashe na achape ukurasa wa taarifa za mashine, maana humo kuna jumla ya kurasa zilizokwisha kutoka tangu ilipozaliwa. Mashine ikiwa imepakwa rangi ikang'aa lakini hesabu inasoma laki nne, umeshajua umri wake. Na ikitoka Marekani huenda imepangwa kutumia karatasi ya Letter, yenye milimita 216 kwa 279, wakati A4 yetu ni 210 kwa 297. Utajaza A4 trei nzima na bado itakuandikia upakie Letter. Haijaharibika. Ingia kwenye mipangilio ya trei, chagua A4, kisha uhakikishe na kompyuta za watu zimechagua A4.

Kuiweka na kuiunganisha

Isikae chini ya kiyoyozi kinachodondosha maji, isikae dirishani juani, isikae karibu na mlango unaoingiza vumbi la barabara. Isikae pia ubavuni mwa mtu: inatoa joto na kelele, na kila anayesubiri karatasi yake huanza kupiga soga na aliyekaa karibu. Yetu iko kwenye korido, juu ya meza ya mbao nzito, hatua chache kutoka kwa kila mtu na mbali na mlango wa bosi. Hilo la bosi ni la makusudi. Printa ikiwa mlangoni kwake watu huogopa kwenda kuitumia, au hugeuka wajumbe wake.

Usichomeke leza kwenye UPS ndogo ya kompyuta, ile betri ya akiba. Fyuza inapopasha moto huvuta umeme mwingi kwa ghafla, na UPS itapiga yowe na kuzima, pamoja na kompyuta ya mwenzako. Ichomeke ukutani kupitia kifaa cha kulinda dhidi ya umeme unaopanda na kushuka. Umeme ukikatika katikati ya kazi, kabla haujarudi fungua mlango wa mashine utoe karatasi iliyobaki njiani, na jenereta ikiwaka subiri umeme utulie kabla ya kuiwasha.

Kuhusu kuunganisha, wengi huchomeka printa kwa waya wa USB kwenye kompyuta ya katibu muhtasi kisha wanaigawa kutoka hapo. Inafanya kazi mpaka siku katibu muhtasi anapokwenda likizo na kuzima kompyuta yake. Isitoshe, mwaka 2021 lilipogunduliwa tundu la usalama kwenye huduma ya uchapishaji ya Windows, lililopewa jina PrintNightmare, marekebisho ya usalama yaliyotolewa mwaka huohuo yalizifanya ofisi nyingi zilizogawana printa kwa mtindo huo zione kosa namba 0x0000011b na zisichape kitu. Waya wa mtandao moja kwa moja kutoka kwenye printa kwenda kwenye swichi ya mtandao au ruta unakuepusha na yote hayo. Na hii inanifurahisha kila nikiikumbuka: teknolojia ya waya huo, Etheneti, ilibuniwa mwaka 1973 kwenye maabara ya Xerox kule Palo Alto, na sababu mojawapo ilikuwa kuziwezesha kompyuta nyingi kutumia printa moja ya leza iliyokuwa imetengenezwa humohumo. Kwa hiyo ugomvi wa korido yetu una historia yake.

Mwambie anayesimamia mtandao wenu aipe printa anwani ya IP, yaani namba yake kwenye mtandao, isiyobadilika, aiweke kwenye ruta ili isipewe kifaa kingine. Hapa ndipo chanzo cha ule ugonjwa wa "jana ilikuwa inachapa, leo inaniandikia offline." Printa ipo, imewashwa, ila umeme ulikatika usiku, asubuhi ruta ikaipa anwani nyingine, na kompyuta zinaendelea kubisha hodi kwenye nyumba ya zamani. Unapoiongeza kwenye kompyuta, usikubali tu ile njia ambayo Windows inaitafuta yenyewe. Chagua kuiongeza kwa anwani ya IP, na aina ya poti iwe "Standard TCP/IP Port". Kisha ingia kwenye mipangilio ya printa ya Windows uzime palipoandikwa "Let Windows manage my default printer". Pakiwa pamewashwa, Windows hufanya printa iliyotumika mwisho kuwa ya kwanza, na mtu aliyetoka kuchapa tawi la Tanga atarudi Dar atume mkataba, na mkataba utatokea Tanga.

Ipe jina linaloeleweka. "Korido-Nyeusi" inamwambia mgeni kila kitu. Ule msururu wa herufi na namba wa kiwandani haumwambii kitu.

Kuitumia

Kanuni ya kwanza nimeibandika juu ya mashine kwa herufi kubwa: BONYEZA MARA MOJA. Mtu akibonyeza kuchapa na karatasi isitoke papo hapo, anabonyeza tena, na tena, halafu anaondoka akiwa amenuna. Mashine inakuwa imepokea amri zote. Ikishajazwa karatasi inazitoa zote, nakala nne za faili la kurasa 30, na mwenyewe hayupo. Isipotoka, nenda ukaitazame mashine kwanza. Mara nyingi inakuambia yenyewe shida ni nini: karatasi imeisha, mlango uko wazi, trei haijasukumwa mpaka mwisho.

Ya pili ni Excel. Karatasi nyingi zinazopotea hapa kwetu zinapotelea huko. Mtu ana jedwali lenye safu moja iliyozidi upana, anabonyeza, na zinatoka kurasa lukuki, nusu yake zikiwa na safu moja tu ya namba zisizo na kichwa. Kabla ya kuchapa jedwali, tazama onyesho la awali na idadi ya kurasa chini yake. Chagua eneo unalotaka kuchapa, laza karatasi, na ulazimishe safu zote ziingie kwenye upana wa ukurasa mmoja. Ukiona idadi inasoma 140 na wewe ulitegemea tatu, acha hapo.

Pande mbili iwe ndiyo kawaida, iwekwe hivyo kwenye mashine yenyewe, na anayetaka upande mmoja ndiye abadilishe. Kwa barua na ripoti chagua kugeuza kwenye ukingo mrefu, ama sivyo ukurasa wa nyuma utatoka kichwa chini. Fomu za serikali na hati za kupigwa mhuri zichapwe kwa ukubwa wake halisi, usiruhusu programu ya PDF izipunguze ili zienee. Na faili la PDF likigoma kutoka au likatoka na herufi za ajabu, jaribu kulichapa kama picha. Hilo chaguo limo kwenye mipangilio ya ziada (Advanced) ya programu ya kusomea PDF, na linaokoa siku nyingi.

Karatasi zenyewe: gramu 80, na zikae ndani ya ganda lake mpaka siku ya kutumika. Sisi wa pwani tunaishi na unyevu. Rimu iliyofunguliwa Ijumaa na kuachwa wazi juu ya kabati, Jumatatu imeshavuta maji ya hewani; ikipita kwenye fyuza inajikunja na kukwama, na watu wanasema printa mbovu. Kabla ya kujaza trei, shika fungu kwa mikono miwili, lipepete pembeni ili karatasi ziachane, ligonge mezani zilingane, kisha liweke bila kupita ule mstari wa kikomo. Vile vibano vya trei vibane karatasi kwa kuigusa tu. Vikilegea karatasi inaingia upande, vikikaza inapinda.

Karatasi zilizochapwa upande mmoja tunazitumia tena, lakini kwa masharti: ziwe zilichapwa kwa leza, zisiwe zimekunjwa, na mtu azipitie kwa vidole kuhakikisha hakuna pini. Pini moja ya stepla inachana fyuza, na fyuza ni pesa ndefu. Plastiki ya kufunikia ripoti isiingie kabisa, itayeyukia ndani.

Nyaraka za siri zinahitaji mpango. Barua ya onyo, orodha ya mishahara, nakala ya kitambulisho cha mteja, zote hutoka kwenye trei ileile na kukaa hapo zikimsubiri mwenyewe, na korido ina macho. Mashine nyingi za ofisi zina uwezo wa kuzuia kazi mpaka mwenyewe afike na kuandika namba ya siri. Uwashe, uwafundishe wa utumishi na uhasibu kwanza. Hapa Tanzania tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, kwa hiyo pasipoti ya mteja iliyosahauliwa kwenye trei si uzembe wa kuchekewa tena.

Na haya mambo ya kuchapa vya nyumbani: kadi za michango ya harusi, mitihani ya watoto, maombi ya kazi ya shemeji. Ofisi zinazopiga marufuku kabisa huishia kuchapiwa saa za jioni. Mimi nimeweka rimu ya pembeni. Anayetaka vyake anakuja na karatasi zake au anachangia rimu hiyo, anachapa wakati foleni haipo, na mwisho ni kurasa kumi. Aliyeleta kadi za harusi mia mbili nilimwelekeza steshenari ya chini, kwa heshima zote, na mchango wangu nikampa.

Ikigoma

Karatasi ikikwama, zima mashine kwanza. Ikiwa ilikuwa kazini, subiri ipoe, fyuza itakubabua. Fungua mlango, toa katriji, iweke juu ya karatasi safi na uifunike, maana dramu ile ya kijani au bluu haipendi mwanga wala vidole. Ivute karatasi kwa mikono yote miwili, polepole, kufuata uelekeo ambao ingekwenda yenyewe. Ukivuta kinyume kwa hasira itachanika, na kipande kitakachobaki ndani ndicho kitakachokwamisha kila karatasi inayofuata. Ikichanika, unganisha vipande mezani uone kama ukurasa umetimia. Usipotimia, kipande bado kimo.

Foleni ikiganda kwenye kompyuta na kazi ikakataa kufutika, zima huduma iitwayo Print Spooler kwenye orodha ya huduma za Windows, nenda C:\Windows\System32\spool\PRINTERS, futa vilivyomo ndani ya folda hiyo, bila kuifuta folda yenyewe, kisha washa huduma tena. Inachukua dakika mbili na utaonekana mtaalamu.

Maandishi yakipauka upande mmoja, toa tona uitikise taratibu kulia na kushoto. Unga uliolala utajipanga, na utapata kurasa kadhaa za kukufikisha kwenye tona mpya. Wino ukifutika ukiusugua kwa kidole, fyuza haipati moto wa kutosha, au umechagua aina ya karatasi isiyo sahihi. Doa linalojirudia kwa umbali uleule kutoka juu hadi chini ya ukurasa linatoka kwenye kitu kinachozunguka, dramu au rola.

Lakini kuna mstari mmoja mweusi ambao nataka uujue vizuri, kwa sababu watu huuziwa dramu mpya kwa ajili yake. Kopi za nyaraka za mteja zilikuwa zinatoka na mstari mwembamba uliosimama, palepale kila ukurasa. Kijana wa usafirishaji akasema dramu imekufa, na fundi aliyeitwa kwa simu akaanza kutaja bei. Nikafanya majaribio matatu. Nilichapa kutoka kwenye kompyuta: safi. Nikatoa kopi kwa kulaza karatasi kwenye kioo kikubwa: safi. Nikapitisha karatasi ileile kwenye kilishio cha juu: mstari huo. Dramu ingekuwa mbovu, mstari ungeonekana kote kutatu. Uliobaki ni ukanda mwembamba wa kioo ulio kando ya kile kikubwa. Karatasi ya kilishio hupita juu ya ukanda huo wakati jicho la skana limetulia chini yake, kwa hiyo uchafu wa nukta moja tu unachora mstari kutoka mwanzo wa ukurasa hadi mwisho. Niliinua mfuniko, nikainama mpaka taa ya dari ikang'aa kwenye kioo, na nikaliona: tone la Tipp-Ex lililokauka, dogo kiasi kwamba usiku usingeliona. Mtu alikuwa amerekebisha hati na kuilisha mashine kabla haijakauka. Nililikwangua kwa ukucha, nikapangusa kwa kitambaa laini chenye spiriti kidogo, na mstari ukaisha. Tangu hapo kuna kitambaa na kichupa cha spiriti kwenye droo ya meza ya printa, na hakuna fundi anayeitwa kwa ajili ya mstari kabla majaribio hayo matatu hayajafanywa.

Tona ikimwagika, usipanguse kwa maji ya moto. Joto linaugandisha unga kwenye nguo. Kung'uta kwanza, kisha maji baridi. Mashine ya kawaida ya kufyonza vumbi usiitumie, unga ni mwembamba mno, unapita kwenye kichujio na kurudi hewani.

Teua mtu mmoja wa kuiangalia na mwingine wa kumshikia nafasi. Wao ndio wabadilishe tona, waandike tarehe ya kuiweka kwa kalamu ubavuni mwake pamoja na namba ya kurasa iliyofikiwa siku hiyo, na waagize nyingine wakati iliyopo ingali inachapa. Tona ya akiba moja, daima, imefungiwa. Ufunguo wa kabati hilo ninao mimi, na wanaosema nina roho mbaya hawajawahi kukosa kuchapa siku meli inashusha.

Mashine ikichoka na mkaamua kuiuza, kumbuka kwamba nyingi za kazi kubwa zina diski ndani, na diski hiyo huweza kuwa imehifadhi picha za mlivyochapa na kuskani. Futa kupitia mipangilio ya mashine, futa pia orodha ya barua pepe na nywila ya folda ya kuskania, au mwambie fundi aitoe diski mbele yako ubaki nayo. Kisha toa tona, ifunge kwenye mfuko wake peke yake. Ikisafirishwa ikiwa ndani, mnunuzi atafika nyumbani na kiti cheusi cha gari, na namba ya simu kwenye risiti itakuwa yako.